Timbo lililoachwa: kumaliza motomoto na kurudisha mimea ya pwani

Kwenye pwani ya Kenya, kuanzia Bamburi kuelekea Vipingo, na upande wa kusini mpaka Tiwi, yako matimbo mengi yaliyokatwa mawe yakaachwa. Chini ni sakafu nyeupe ya matumbawe, pembeni kuta zimesimama wima, na kando ya njia za malori kuna marundo ya kifusi. Sakafu yenyewe hukaa uchi miaka na miaka. Kwenye kifusi ndiko nyasi za motomoto zinakojaa, na kutoka huko huingia kila mahali utakapoweka udongo na maji.

Wengi huanza na miche. Siku ya kupanda watu huwa wengi na miche hupangwa vizuri, kisha kila mtu huenda zake. Baada ya miezi sita motomoto umeshaifunika, na kiangazi cha kwanza moto unapita. Mpangilio unaofaa ni huu: nyasi kwanza, mashimo na udongo pili, kivuli tatu, mimea ya asili mwisho. Vipimo vilivyo hapa chini ni vya kipande cha mita 20 kwa 50. Anza na kipande kimoja cha ukubwa huo, ukimalize, ndipo uende cha pili. Timbo zima kwa mkupuo mmoja humshinda hata mwenye vibarua 30.

Kabla ya yote, pata ruhusa ya maandishi ya mwenye timbo, na uulize NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, leseni ya uchimbaji ilisemaje kuhusu kurudisha ardhi. Chini ya sheria ya mazingira ya 1999 kurekebisha timbo ni jukumu la mchimbaji, kwa hiyo huenda lori la mboji likalipwa na anayestahili kulilipa.

Mjue unayepigana naye

Motomoto (Imperata cylindrica) hutoa majani yaliyosimama wima moja kwa moja kutoka ardhini. Tazama jani kwa karibu: ule mstari mweupe unaolipitia jani umekaa upande mmoja, haupo katikati kabisa, na kingo zinakwaruza mkono. Maua yake ni meupe, laini kama sufi, na upepo hubeba mbegu mbali.

Sasa chimba kidogo kwa uma na uvute. Utatoka na shina la chini, jeupe, lenye vifundo kama muwa mwembamba, na ncha kali inayoweza kutoboa muhogo. Lioshe, ulitafune: lina utamu. Utamu huo ndio akiba inayorudisha majani kila unapofyeka au kuchoma. Kila njia iliyoelezwa hapa ina lengo moja, kuimaliza akiba hiyo. Ukikata majani mara moja kwa mwezi, nyasi zinapata muda wa kuijaza tena, na kazi yako yote inakuwa kuzinyoa tu.

Motomoto si mgeni wa Afrika. Ni mmea wa kwetu unaofanya ugeni pale ardhi inapovurugwa na kuchomwa mara kwa mara. Wageni hasa utakaokutana nao timboni ni mlusina (Leucaena) na mwarobaini, na hao wana sehemu yao mbele.

Usichome. Moto hula majani ukaacha mashina ya chini salama, kisha motomoto hutoka kwa nguvu na kutoa maua mengi kuliko mwanzo, huku miche iliyokuwa inajaribu kuota katikati yake ikifa.

Oktoba hadi Machi: kumaliza akiba

Anza mwishoni mwa kusi, kabla ya vuli. Fyeka kipande chote mpaka chini, ondoa majani, na uone kifusi kimekaaje. Nyasi zikishafyekwa utaona wazi kuwa motomoto uko kwenye marundo na nyufa zenye udongo tu. Tia alama sehemu hizo kwa vijiti, kwa sababu kila moja utaichagulia njia yake.

*Kung'oa.* Inafaa kwenye marundo madogo na karibu na madimbwi. Tumia uma. Jembe hukatakata mashina, na kila kipande chenye kifundo kinaweza kuwa mmea mpya. Mtu mmoja mwenye jembe na bidii anaweza kuufanya motomoto wa rundo moja uwe wa marundo kumi. Mashina mengi yako sentimita 20 za juu, ila kwenye kifusi kilicholegea hushuka zaidi. Pepeta kwa mkono, yatandaze juu ya mabati au mwamba mtupu kwenye jua la kaskazi kwa wiki mbili au tatu, mpaka yakikunjwa yavunjike kwa mlio. Yanayopindika bado yako hai.

*Kufunika.* Inafaa eneo la tambarare lisilozidi mita 100 za mraba. Fyeka, mwagilia maji, kisha funika kwa nailoni nyeusi nzito au turubai za mabango ya matangazo yaliyotumika. Pitisha nusu mita nje ya ukingo wa nyasi kila upande na ulaze mawe kote. Acha miezi sita kamili. Wanaofunua baada ya miezi miwili hukuta majani yamekauka wakadhani wameshinda; mashina ya chini huwa bado yana utamu. Kabla ya kuondoa turubai fukua sehemu tatu uangalie: mashina yawe ya kahawia na mepesi.

*Kulaza kwa ubao.* Njia hii haijulikani sana huku, na ni hasara, kwa kuwa haina gharama. Chukua ubao wa mita moja na nusu, funga kamba kwenye ncha zote mbili uishike kama hatamu. Motomoto ukifika kimo cha kiuno, weka ubao, ukanyage kwa uzito wako wote, nyanyua, songa hatua moja, kanyaga tena, ukilaza nyasi zote upande mmoja. Majani hayakatiki, yanapindika. Ukifyeka, mmea huamka na kuchipua; ukiulaza, majani yaliyolala yanazitia kivuli chipukizi za chini na ukuaji hupungua. Rudia kila yanapoinuka. Nyasi fupi hazilali, hivyo usifyeke halafu ukajaribu kulaza wiki mbili baadaye.

*Dawa.* Kwa marundo makubwa ambayo uma hauyawezi, dawa yenye glaifosati hufanya kazi, maana huteremka na maji ya mmea mpaka mashina ya chini. Hakikisha bidhaa uliyoshika bado imesajiliwa na PCPB, bodi ya serikali inayosimamia dawa za wadudu na magugu, na usome kibandiko chake. Kikitofautiana na maneno haya, fuata kibandiko. Acha nyasi zilizofyekwa zirudi hadi sentimita 40 au 50 kwa mvua ya vuli, zikiwa kijani na hazijatoa maua. Kwa dawa ya gramu 360 kwa lita, kipimo cha kawaida kwa motomoto ni lita 4 hadi 5 kwa hekta ndani ya maji lita 200. Kwa kipande chetu hiyo ni bomba moja la lita 20 lenye mililita 400 hadi 500.

Hapa Mombasa mambo mawili huiharibu dawa hii. La kwanza ni maji. Maji ya visima vya matumbawe ni magumu, yamejaa chokaa, na chokaa huishika glaifosati isiingie kwenye jani. Tumia maji ya mvua yaliyokingwa. Ukikosa, koroga kwanza gramu 400 za mbolea ya SA (salfeti ya amonia) kwenye lita 20 mpaka iyeyuke yote, ndipo utie dawa. La pili ni vumbi. Majani yaliyo kando ya njia ya malori huwa meupe kwa vumbi la mawe, na vumbi hilo nalo huishika dawa. Subiri mvua iyaoshe, yakauke, kisha upulize asubuhi isiyo na upepo, siku isiyo na dalili ya mvua kwa saa sita au zaidi.

Usipulize karibu na dimbwi wala ufa unaoonyesha maji. Matumbawe yana matundu kama sponji, na kinachomwagika sakafuni hufika kwenye kisima cha jirani. Hapo ni uma na turubai tu.

Rudi baada ya wiki nne hadi sita utafute chipukizi. Zitakuwepo. Zipulizie moja moja au uzing'oe, na urudie kila mwezi mpaka Machi. Ukiruka mwezi mmoja, gharama ya mwezi uliotangulia imepotea.

Mashimo na udongo

Huku nyasi zikifa, toboa sakafu. Chimba kwanza shimo moja la majaribio, kina cha mita moja. Kwenye matimbo yaliyochimbwa sana maji ya chini huwa karibu, na mara nyingi yana chumvi. Yakitokea, yapime kwa kipima chumvi. Chini ya mikrosimensi 1,500 kwa sentimita miche mingi huvumilia. Juu ya 3,000 baki na mvinje (Casuarina) na mimea ya ufukweni, wala usiyatumie kumwagilia kitalu.

Mashimo ni ya sentimita 45 kila upande na 45 kwenda chini, umbali wa mita 2.5: kwa kipande chetu ni 160. Kazi ni ya sururu na mtaimbo. Hakikisha chini ya kila shimo pana ufa. Ukimwaga ndoo ya maji na kesho yake bado yapo, piga mtaimbo mpaka yapite, la sivyo umechimba beseni. Kila shimo lipate debe 2 za mboji na debe 2 za udongo mwekundu, na nafasi inayobaki ijazwe vipande vidogo vya mawe. Usijaze vumbi la timbo. Likilowa na kukauka hugandamana kama saruji, na ni chokaa tupu.

Hizo debe 320 za mboji ni kama meta za ujazo 6, lori moja hivi. Mabaki ya soko la Kongowea ni malighafi nzuri, ila chambua nailoni kwanza, na lundo lipate joto la nyuzi 55 au zaidi kwa wiki tatu huku likigeuzwa, ili mbegu za magugu zife. Samadi ya mbuzi wanaolishwa kwenye mathenge (Prosopis, mti wa miiba unaovamia ardhi) usiiingize bila kuipitisha kwenye joto hilo. Mbegu za mathenge hupita tumboni mwa mbuzi zikiwa salama, na hutaki kubadilisha tatizo moja kwa lingine. Udongo mwekundu nao ukague lorini kabla haujamwagwa: ukiona kipande cheupe chenye vifundo, urudishe. Matimbo mengi hayakupata motomoto kwa upepo, yaliuletewa na lori.

Kivuli: mvinje na fiwi

Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo, alipoanza kupanda kwenye timbo la kiwanda cha saruji Bamburi alijaribu aina 26 za miti. Zilizostahimili zilikuwa tatu: mvinje, mdamasi (Conocarpus) na mnazi. Mvinje ndio uliojenga msitu, na sababu zake ni za kujua, kwa kuwa ukizikosea miti yako itabaki fimbo.

Mvinje hujitengenezea naitrojeni kwa msaada wa vijidudu viitwavyo Frankia, vinavyoishi kwenye vinundu vya mizizi. Mchanga safi wa kitalu hauna vijidudu hivyo. Nenda kwenye mvinje mkubwa wenye afya, fukua mizizi ya juu, chukua kiganja kimoja cha vinundu, vioshe, vitwange na kuvikoroga ndani ya lita 10 za maji siku hiyohiyo. Kila mche wa mwezi mmoja upewe kama nusu kikombe. Miche iliyokosa hiki huwa ya manjano na haisogei.

Mbegu za mvinje ni ndogo kama vumbi. Chuma koni zinapoanza kuwa kahawia, zianike juu ya kitambaa kivulini penye joto. Hufunguka baada ya siku mbili tatu. Jihadhari na sisimizi, ambao wanaweza kubeba kitalu kizima usiku mmoja. Weka miguu ya meza ya kitalu kwenye makopo ya maji. Sia Novemba ili Aprili miche iwe na sentimita 30 hadi 40.

Mvua ya masika ikishalowesha ardhi barabara, kwa kawaida Aprili, panda. Wiki hiyohiyo sia fiwi (jamii ya maharage inayotambaa) kwenye marundo yote uliyosafisha, mbegu mbili kila shimo, sentimita 60 kwa 40, kilo 2 zinatosha. Fiwi hustahimili kaskazi kuliko kunde, na majani yake hufunga kivuli katika miezi miwili. Kivuli ndicho motomoto usichokiweza. Acha duara la nusu mita bila fiwi kuzunguka kila mche na uipogoe inayopanda juu. Fiwi haichagui, itaunyonga mvinje vilevile.

Msimu huu wa kwanza usisie nyasi za asili palipokuwa na motomoto. Zikiota zote pamoja zikiwa changa, hutazitofautisha wala hutaweza kupuliza moja ukaacha nyingine. Ngoja mwaka.

Masika ya pili: mbegu za asili

Kwa nyasi, aina mbili zinazojulikana kwa kuotesha upya malisho nchini ni Cenchrus ciliaris na Eragrostis superba. Zote hukaa kwa mafungu na kuacha nafasi kati ya fungu na fungu, ambamo miche ya miti inaweza kupita. Ukoka usiupande karibu na miche: hutandaza zulia na kunywa maji yote ya juu.

Mbegu mbichi za Cenchrus hulala. Zihifadhi mahali pakavu kwa miezi sita hadi mwaka. Kisha zipime. Hesabu mbegu 100, zifunge kwenye kitambaa chenye unyevu, weka kivulini siku 14 ukilowesha kila siku. Kiwango cha kawaida ni kilo 5 kwa hekta, yaani nusu kilo kwa kipande chetu, iwapo mbegu ni nzuri na ardhi ni ya shamba. Timboni anza na kilo moja. Zikiota 30 tu kati ya 100, kilo 3. Wauzaji wengi hawakupi asilimia hii, na mbegu nyingi za nyasi ni makapi matupu, kwa hiyo jaribio hili la kitambaa lisirukwe. Changanya mbegu na mchanga mkavu debe 1, kwaruza ardhi kwa reki, mwaga nusu ukienda urefu na nusu ukienda upana, kisha pita na tawi lenye majani. Zisifunikwe zaidi ya sentimita moja.

Kwa miti, KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu, huuza mbegu na wana kituo Gede. Ukiokota mwenyewe, miti ya barabarani na mashambani inatosha kwa mengi. Kwenye kaya, misitu mitakatifu ya Wamijikenda, usiingie bila idhini ya wazee, na hata ukipewa, chukua zilizoanguka tu, usiguse miche.

Mbambakofi: mbegu nyeusi yenye kofia nyekundu. Ondoa kofia, kwaruza ganda kwa tupa upande wa pili wake, loweka usiku mmoja. Mkwaju na mbuyu: mimina maji yaliyotoka kuchemka, acha yapoe humohumo hadi kesho yake, zisizovimba zirudie. Mkunazi: pasua kokwa taratibu bila kuumiza kiini. Mkoma hutuma mzizi mrefu chini kabla ya kutoa jani, hivyo uusie palepale utakapokaa. Kwenye mfuko mzizi hukatika. Mkuyu hauhitaji mbegu: kata tawi nene kama kifundo cha mkono, urefu wa mita moja na nusu, ulizike theluthi moja kwenye ufa wenye unyevu. Jamii ya mikuyu hupenda miamba, na matunda yake huleta ndege, ambao watakuletea mbegu nyingine nyingi bila malipo.

Watakuletea pia mlusina na mwarobaini. Mwarobaini tunaupenda kwa dawa na kivuli, lakini asili yake ni upande wa India, na pwani yetu huota wenyewe mpaka ndani ya misitu. Timboni ung'oe ukiwa na majani manne. Mlusina nao ung'oe na mzizi wote baada ya mvua. Ukiukata huchipua mara mbili.

Yanayoharibika

Majani mapya ya manjano yenye mishipa ya kijani ni upungufu wa chuma. Chuma kipo, ila chokaa imekifunga. Kuongeza samadi mbichi hakusaidii. Pulizia salfeti ya chuma gramu 5 kwa lita jioni, mara mbili kwa wiki mbili, na ongeza mboji iliyoiva. Aina inayorudia manjano kila mwezi haipafai mahali hapo, badilisha aina.

Kingo za majani zilizoungua kama zimepitiwa na moto ni chumvi. Acha kutumia kisima hicho.

Miche iliyokatwa sawasawa kimo cha goti ni kazi ya mbuzi. Zungumza na wenye mbuzi kabla ya kununua waya. Wakipewa haki ya kukata majani ya fiwi na kuyabeba nyumbani, huwa walinzi wazuri kuliko uzio.

Jongoo na kupunguza mvinje

Chini ya mvinje wa miaka mitatu utakuta zulia nene la majani makavu yasiyooza, na hakuna kinachoota. Majani hayo yana tanini nyingi, vijidudu vya kawaida hawayawezi. Bamburi waliletwa jongoo wenye miguu myekundu, wakayala na kinyesi chao kikawa udongo. Okota jongoo wa aina hiyo kwenye mivinje ya jirani msimu wa mvua, ndoo moja kwa kipande, uwaachie penye unyevu na kivuli. Usichome wala usifagie zulia, hicho ndicho chakula chao. Kila masika bandua kidogo kwa mkono: chini yake tabaka jeusi laini litaanza kuonekana, kwanza unene wa ukucha.

Likifika sentimita 3 au 4, kata mvinje mmoja kati ya kila mitatu. Fito zinauzika kwa wajenzi wa makuti. Kwenye kila mwanya panda mbambakofi au mkwaju, siku ileile ya kukata ikiwezekana, kwa sababu mwanya ni mwanga, na wa kwanza kuuona mwanga huo ni motomoto ulio ukingoni. Kagua mianya hiyo kila mwezi kwa mwaka mzima, uma mkononi, na ukingo wote wa kipande uuache na ukanda wa mita 2 usio na jani lolote la motomoto.